Jarida Lililosimama Mezani

Kaka yangu Msimulizi,

Huku tu wazima. Paka wa jirani amehamia kwetu bila hodi, na nilipokuwa namtafutia boksi la kulalia nikakuta lile jarida letu la michezo ya mashujaa. Jalada limeliwa na mende, lile joka limebaki mkia tu.

Unakumbuka? Wewe ulisimulia, mimi nikawa shujaa. Ulilisimamisha jarida mezani kama ukuta, ukarusha dadu nyuma yake, kisha ukanitangazia kama nimepona au nimekufa. Sikufa hata mara moja. Kaka, nyuma yako kulikuwa na kabati la kioo. Dadu zote nilikuwa naziona humo, hata zilizoniua. Kila ulipotaka kunidanganya ulikohoa kwanza, ndipo ukasema, "Umepona, endelea."

Nacheka peke yangu, halafu nalifunga jarida. Sijakuambia: nina uvimbe kwenye titi, wamekata kipande wakapime. Mama hajui. Majibu ni Jumatatu, na daktari kasema, "Usije peke yako."

Njoo, kaka. Majibu upokee wewe, usome wewe kwanza. Mimi nitasikiliza tu kama utakohoa.

Mdogo wako,
shujaa asiyekufa