Kifua cha Marwa

Bugarama, 4 Februari 2024

Kwako mwanangu mpendwa Apolonia,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na baridi ya Moshi haijakukondesha. Sisi huku hatujambo. Magoti yangu tu ndiyo yanalalamika, nayo nimeshayazoea. Mpunga wa mjomba wako Donatus umesimama vizuri. Nimempa kondakta wa basi michembe ya viazi na karanga akuletee. Usiwagawie vyote hao wenzako wa maabara, nao wana mama zao.

Sasa habari ya kazi yako. Yule muuguzi uliyemwachia vikopo vya makohozi alikuja kwenye maduara ya kuchimbia dhahabu, akasimama na makaratasi yake, wachimbaji wakamtazama kama mtu wa kodi. Hakuna aliyetema. Wanasema mate ya mtu ndiyo baraka yake. Babu akikubariki anakutemea mate kifuani, sasa ukiyafungia kwenye kikopo cha mtu usiyemjua, dhahabu itakukimbia. Mimi nikawasubiri waje kula kibandani kwangu. Nikawaambia aliyeomba hayo makohozi nimemzaa mimi, anasomea shahada ya pili ya wadudu wasioonekana kwa macho, na hajawahi kuloga hata kuku.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Marwa, yule kijana wa Tarime anayeponda mawe kwenye karasha, anayenibebea maji bila kuombwa. Akasema, "Mama, mimi dhahabu ilishanikimbia zamani, lete hicho kikopo." Wakacheka, wakapanga foleni, na muuguzi akaishiwa vikopo.

Waulize wenzako darasani, nani mama yake anamfanyia hivyo?

Mama yako mzazi,
Mama Apolonia


Moshi, 27 Februari 2024

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Mimi mzima, masomo yanaendelea. Michembe imefika na wenzangu wameimaliza, nisamehe. Magoti yakandwe kwa maji ya moto, usiyazoee.

Uliwahi kuniuliza natafuta nini kwenye makohozi ya watu. Ndani ya mapafu kuna chembe ndogo za ulinzi. Mdudu mbaya akiingia, zinamzingira na kummeza. Vumbi la jiwe likiingia, nalo zinalimeza zikidhani ni adui, lakini jiwe haliyeyuki. Linaziua kwa ndani. Siku mdudu wa kifua kikuu anapofika, anakuta pa kukaa na hakuna wa kumzuia. Ila wapo wanaovuta vumbi lile lile miaka nenda rudi na hawaugui. Nataka kujua walinzi wao wana nini.

Nina ombi moja. Simu ya Marwa haipatikani na muuguzi amemtafuta bila kumpata. Akija kula, mwambie pembeni afike kituo cha afya, anahitajika. Usimwambie zaidi ya hapo, na usimwambie mtu mwingine.

Mwanao,
Apolonia


Bugarama, 10 Machi 2024

Kwako ng'wanone, mwanangu msomi,

Marahaba. Natumai u mzima na unakula. Sisi tu wazima, na magoti nimeyakanda kama ulivyoagiza.

Marwa nilimwambia, akasema ataenda kazi ikipungua. Nami si mtoto, Apolonia, nilishaelewa anaitiwa nini. Jana jumuiya ilikuwa kwa Mama Loveness. Ulipofika wakati wa ushuhuda nikasimama. Nikawaeleza kwamba kifuani mwa kila mtu kuna sungusungu wanaolinda usiku na mchana, na kwamba mwanangu, akiwa Moshi, bila kupanda basi, ameona sungusungu wa Marwa wa karasha wamezidiwa, kifua kikuu kimeingia. Nikaomba tumwombee. Walipiga makofi, mwanangu. Katekista alisema hajapata kusikia elimu ya namna hiyo. Mama Loveness, ambaye kila siku wimbo wake ni mwanangu mhasibu, mwanangu mhasibu, alitazama chini.

Jambo moja tu linanishangaza. Leo Marwa hakuja kula. Wenzake wanasema amefungasha, na kikombe chake nimekiona kimetupwa nyuma ya karasha. Labda amepata kazi nzuri zaidi mahali.

Mama yako mwenye kujivunia wewe,
Mama Apolonia


Moshi, 19 Machi 2024

Mama, shikamoo.

Marwa hakupata kazi nzuri. Muuguzi amenieleza yote. Jumamosi ile ile jioni wenzake walitoa godoro lake nje ya kambi, na mwenye karasha akamwambia asirudi. Ameondoka na ugonjwa wake bila kumeza kidonge hata kimoja. Huko aliko analala chumba kimoja na watu wengine, anakohoa. Asipopata dawa atakufa, mama, na hatakufa peke yake.

Waliobaki hawataki tena kuona kikopo. Kamati ya maadili ya chuo imesimamisha kazi yangu, na wana haki. Kosa ni langu pia. Siri ya mgonjwa niliitia mkononi mwa mtu ninayempenda, nikijua kunyamaza hakuwezi.

Sitakupigia simu kwa sasa. Nikisikia sauti yako nitakusamehe haraka, na Marwa bado hajapatikana.

Mwanao,
Apolonia


Buseresere, 5 Mei 2024

Mwanangu Apolonia,

Natumaini u mzima. Sikuuliza kwa simu kwa sababu ulisema hutaki kusikia sauti yangu, nami nimetii. Mimi mzima.

Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Kisha nikafunga kibanda, nikabeba sufuria. Nilisikia vijana wengi wa karasha wamekimbilia machimbo mapya upande huu wa Buseresere. Nilipofika sikumtaja Marwa kwa mtu yeyote. Nimejifunza kwamba kwa mdomo wangu mimi, kuuliza ni kutangaza. Nikakodi kibanda, nikaanza kupika ugali wa ulezi na maziwa mgando. Wasukuma wakanicheka, wakasema mama huyu amepotea njia ya Tarime. Nikasema kula au pita.

Wiki ya pili akaja. Amekonda, shati linamcheza. Aliponiona alisimama pale pale.

"Umekuja kunitangaza na huku, mama?"

"Nimekuja kupika," nikamwambia.

Akageuka akaondoka. Kesho yake akarudi, akakaa nje mbali na wenzake, nikampelekea sahani. Ikawa hivyo siku nyingi. Nilikuwa na maneno ya kumwomba radhi, nimeyapanga vizuri kama ya padri, lakini kila nikiyafungua namwona anavyotazama huku na huku nani anasikia, nayafunga. Siku moja akaniuliza, akitazama sahani, kama zile dawa zinauma. Nikasema sijui, twende tukaulize. Tukaenda mbali, mahali asipojulikana.

Mhudumu wa huko akasema lazima awe na msimamizi, mtu wa kumwona akimeza kila siku. Akamuuliza kama ana ndugu karibu. Marwa akanionyesha kwa kidevu. "Huyu mama."

Apolonia, nimesifiwa mengi katika maisha haya, mengine nimejisifia mwenyewe. Hilo sikulistahili na nimelipokea.

Jina la kituo sikuandikii. Kwamba anakunywa dawa, ameniruhusu nikuambie. Mengine hajaniruhusu.

Mama yako


Moshi, 14 Julai 2024

Mama yangu, shikamoo sana.

Nilipokea barua yako nikaisoma nimesimama koridoni, na machozi yakanitoka mbele ya watu. Wabeja, asante mama. Chuo kimeniruhusu kuendelea. Sasa muuguzi peke yake ndiye anayemfikia mgonjwa, na mimi naona namba tu, sioni majina. Ndivyo ingekuwa tangu mwanzo.

Lakini mama mdogo Mageni amenipigia. Anasema Bugarama nzima wanasema umefuata kijana Buseresere, umepanga chumba jirani naye, kila asubuhi unaonekana mlangoni kwake na kikombe cha maji. Anasema wamekuvua uenyekiti wa jumuiya. Mama, naumia. Naomba uniruhusu nimwambie mama mdogo neno moja tu, kwamba ni kazi ya hospitali. Sitamtaja mtu.

Mwanao akupendaye,
Apolonia


Buseresere, 27 Oktoba 2024

Mwanangu mpendwa Apolonia,

Marahaba, ng'wanone. Natumaini u mzima na unalala vizuri. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, jibu nilikuwa nalo siku ile ile ila nilitaka kwanza nione kama naliweza.

Usimwambie Mageni. Ukimpa neno moja, jioni atakuwa ameshalijazia mengine, namjua, mdomo wake na wangu ilinyonya titi moja.

Katekista alikuja mwenyewe kwa pikipiki mwezi wa nane. Akaketi, akakohoa kidogo kwa aibu, akaniuliza kama mambo wanayosikia ni ya kweli, maana kina mama wanataka kunirudishia kiti wakipata maelezo. Apolonia, ulimi uliniwasha kama nimelamba upupu. Maelezo nilikuwa nayo, tena ya kushangiliwa. Mama Loveness angetazama chini mpaka Krismasi. Marwa alikuwa pale nyuma anapasua kuni, shoka limesimama hewani, anasikiliza.

Nikamwambia katekista, "Mimi mjane, baba. Nakaa ninapotaka, napika ninachotaka." Akaondoka kwa huzuni. Huenda ananiombea hadi leo.

Marwa akaja akakaa karibu nami, siyo kule mbali alikozoea. Akasema, "Mama, ungemwambia tu."

"Nimwambie nini?"

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, nami nikawa nasikiliza kifua chake, nikingoja pale kikohozi kinapoingilia. Hakikuja.

Wiki hii amemeza kidonge cha mwisho. Wamempima, wamesema kifua ni safi. Ameondoka juzi kwenda nyumbani kwao kumwona mama yake. Nilimsindikiza stendi, akainamisha kichwa, nikamtemea mate kifuani kama mtoto niliyemzaa, watu wa stendi wakapata la kusema.

Kwa hiyo sasa nina jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kujisifia, na wa kumsimulia ni wewe tu. Amekubali ujue wewe, basi. Ukimaliza kuisoma barua hii, ichome.

Mama yako mzazi