Kurasa zilizokaushwa nyumbani

Quionga, Jumatano

Ameona sasa. Wiki nzima Edson, mtoto wa karani aliyehamishiwa huku, ananiambia sisi wa Quionga tunajua kukausha samaki tu, tovuti ya shule nimwachie yeye.

Leo mwalimu wetu, profesora, alizifungua mbele ya darasa tovuti mbili tulizotengeneza, yake na yangu, achague ya shule. Mtandao ulikuwa dhaifu. Ya Edson kiduara kilizunguka, kikazunguka. Yangu, niliyoitengeneza kwa shida kwa programu nyepesi inayotayarisha kurasa zote mapema, ilifunguka papo hapo.

"Umefanyaje, Zainabu?"

"Nimezikausha nyumbani, profesora, zisioze njiani."

Darasa lilicheka. Profesora akachagua yangu.

Baadaye Edson akaninong'oneza, "Dada, nifundishe basi." Nitamfundisha. Lakini kesho aniombe kwa sauti, mbele ya wote.