Moyo Uliopumzika Hausemi

Kaka yangu mpendwa,

Natumai u mzima, pamoja na wifi na watoto. Mama hajambo, anakusalimu, na bado anagombana na redio. Mimi pia sijambo, ingawa najua hutaamini.

Barua yako ilifika. Unataka nifunge karakana, nihamie chumba cha uani kwako nipumzike, kwa kuwa mwanamke anayebanwa kifua hana lake kwenye kuchomelea vyuma. Nimeisoma mara mbili. Jibu ni hapana.

Badala ya kupumzika nilikwenda kupimwa. Nikiwa nimelala, daktari alinipitishia kifaa kifuani na moyo ukaonekana kwenye skrini, unadunda bila taabu. Akasema moyo uliopumzika hausemi kitu, lazima ufanyishwe kazi ndipo useme kweli. Nikamwambia hayo angekuandikia wewe. Wakanibandika nyaya, wakanipandisha kwenye mashine ya kukimbilia, mkanda unaongeza kasi na kuinuka kama kilima. Waliniagiza nikibanwa tu niseme. Kifua kikabana, nami nikanyamaza. Nilitaka kuishinda ile mashine.

Nesi aliniangalia usoni, akaisimamisha. Nikalazwa upesi kwa ubavu wa kushoto, wapige picha kabla moyo haujatulia. Upande mmoja wa moyo ulikuwa unazembea, kama kibarua anayeshika chuma bila kunyanyua. Ukifanya kazi, damu haiufikii ya kutosha. Daktari akanigeukia akasema, “Mama, hapa hatushindani. Ukificha maumivu, unamficha nani?”

Nimepewa dawa, na mishipa itachunguzwa zaidi. Mpaka hapo nisibebe vyuma wala kuchomelea. Haya, mafundi wangu watachomelea, mimi nitakaa kwenye kiti niwafokee, kazi ambayo wanasema naiweza kuliko zote. Karakana haifungwi.

Sasa sikia hili, na ukitaka kununa, nuna. Daktari aliuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo mwenye shida hii. Nikamtaja marehemu baba, aliyebanwa kifua akatuambia ni kiungulia tu na kutukataza kumwita daktari. Kisha nikakutaja wewe. Nimekuona, kaka, unavyosimama katikati ya ngazi za kwako, jasho linakutoka, ukijifanya unatafuta funguo mfukoni. Wifi naye ameona, akaniambia mimi kwa kuwa wewe anakuogopa. Hiyo barua ya kunipumzisha hukuniandikia mimi. Ni woga wako mwenyewe, umeuvika gauni langu.

Nimekuwekea nafasi ya kupimwa Jumanne asubuhi. Nitakuja kukuchukua mwenyewe, na mama ameshaambiwa, kwa hiyo usihangaike kutafuta safari ya ghafla. Utasema mdogo hampangii mkubwa wake. Sema utakavyo. Baba tulimtii, tukamzika. Wewe sikutii.

Wasalimie wote nyumbani, wifi umwambie namshukuru.

Mdogo wako akupendaye,
Cheche