Kiti cha Dirishani

Kisauni, Jumapili, Agosti 1996

Nimepanda ndege na sikuona hata wingu!

Ndege hizi za bei rahisi za kutoka Nairobi hazina namba za viti. Anayewahi ndiye anayekaa. Basi nikashika buibui langu, nikawapita mbio wanaume na mabegi yao, nikapata kiti cha dirishani. Nilitaka kitu kimoja tu: kuliona paa letu jipya kutoka juu, maana nimelililia mwaka mzima. Kiti cha pili nikakitandikia leso, kama tunavyowekeana nafasi harusini. Hicho cha mavyaa, mama wa mume wangu.

Akaja wa mwisho, polepole, akipokea shikamoo za watu. Akaitazama leso, kisha mimi.

"Nipishe huko ndani, mwanangu. Hapa njiani watanikanyaga."

Ningesemaje? "Haya, mama."

Akakaa, akashusha kipazia cha dirisha, akafumba macho, akavuta uradi kwa tasbihi yake. Hakuyafumbua mpaka tukatua Changamwe.

Jioni majirani wamejaa barazani kumpa pole ya safari. Namsikia:

"Kisauni yote nimeiona, wallahi! Soko la Kongowea kama sinia la mboga. Na paa letu linavyong'aa! Muulizeni mke wa mwanangu, alikuwa ubavuni mwangu."

Wote wakanigeukia.

"Naam," nikasema. "Linang'aa."

Sasa wanawake wanataka kesho niwahadithie mimi. Itabidi nimuulize mavyaa kwanza.