Nikikuuliza Hali, Usinijibu Matairi

Mama Eda, mke wangu,

Nimeamka kabla ya Consolata kuja kuniogesha, nikajikokota hadi mezani. Nimefika nikihema kama mtu aliyepandisha mlima na mzigo. Uvumilie mwandiko. Mkono huu uliojaza mbao za madarasa sasa unatetemeka hata ukishika kijiko.

Nakuandikia kuungama. Moyo wangu umechoka. Daktari amesema hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa, kilichobaki ni kunipunguzia taabu. Alivaa barakoa, nikaona macho tu, na macho yakatosha. Consolata anajua kwa sababu ndiye anayenihudumia. Eda hajui. Mtoto wetu wa pekee hunipigia kila Jumapili, nami humwambia nimekula, nimelala vizuri.

Tangu uondoke, mji umefunguliwa. Treni za kwenda mjini zimejaa tena, mtu akikohoa wenzake wanamtazama vibaya. Kanisani wanaimba, ila sauti ya pili, ile uliyokuwa ukiimba wewe, imepwaya. Bado naumia nikikumbuka mazishi yako: wachache walioruhusiwa, kila mmoja kasimama mbali na mwenzake kama ndugu waliogombana. Wenzako wa kwaya walioko Minto waliimba kwenye simu. Majirani wa hapa Guildford walileta chakula, wakakiweka mlangoni, wakabisha, wakarudi nyuma hadi getini kunipungia mkono. Matanga gani yale, Mama Eda?

Basi Eda na mimi tulibaki na mazungumzo ya gari. Unakumbuka alipopata kazi ya uuguzi kule Jindabyne, kwenye milima ya theluji, ukasema, "Sisi tumeikimbia baridi ya Makete, mtoto anaifuata kwa mshahara." Akanunua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, akajiona amemaliza. Mimi nikamwambia anunue matairi ya baridi. Akacheka. "Baba, hili gari linapanda popote. Hata wakaguzi wa barabarani hawanidai minyororo ya kufunga magurudumu!" Nikamjibu kwamba kuvuta si kusimama. Gari lake litaondoka pale wenzake wanapokwama, sikatai, lakini kwenye breki hana cha kuwazidi. Kila gari linafunga breki kwa magurudumu manne, hata lile bovu la jirani. Kinachoshika barabara ni mpira. Wa kawaida ukipigwa na baridi unakakamaa kama kandambili kuukuu. Ule wa baridi unabaki laini, na una mikato midogo inayong'ata theluji. Wewe ulikuwa ukipita nyuma yangu na kikombe cha chai: "Mwalimu, kengele imeshalia, mwache mtoto akale."

Halafu ile asubuhi. Ulizidiwa ghafla, Eda akaondoka milimani na kibali chake cha kusafiri. Ulinishika kidole ukasema, "Usimwambie mtoto akiwa njiani." Hukuwa na haja ya kuniagiza. Ndivyo tulivyolelewa: aliye safarini haambiwi msiba, huambiwa mgonjwa kazidiwa kidogo, aje. Ulikata roho kabla hajafika hata Canberra. Alisimama kwenye kituo cha mafuta akapiga. "Mama vipi?" Nami, nimekaa pembeni yako, mkono wako bado una joto, nikamuuliza, "Matairi yako vipi? Barabara ina barafu?" Nikaongea matairi, nikaongea matairi, mpaka akakata simu.

Mwezi uliopita ndipo aliponiambia. "Baba, nikikuuliza hali, usinijibu matairi. Please. Siku ile ulipouliza tu, nilijua Mama amekufa. Nikaendesha njia yote ile huku najua, na siwezi kulia kwa sababu nikilia sioni barabara."

Tulidhani tunamkinga, Mama Eda, kumbe tulimwacha peke yake.

Na bado sikujifunza. Jumapili iliyopita aliuliza, "Kifua vipi?" nikamuuliza theluji ya huko imefika wapi. Nimejiambia nangoja barabara zikauke. Uongo. Eda ni muuguzi. Akifika hatakubali mtu mwingine aniogeshe. Baba kuonwa uchi na binti yake, hilo ndilo ninalolikimbia, nikalipa jina la theluji. Jana Consolata alinisikia nikimwambia mtu kwenye simu kwamba sitaki kumsumbua mtoto. Alikuwa anakamua kitambaa. Unajua Warundi wetu hawa, hawakuonei aibu. "Babu, uyu mtoto atakuja kukuta kaburi, halafu utamwambia ni barafu?"

Subiri kidogo. Naweka kalamu chini.

Nimerudi. Nimempigia.

Nilimuuliza kwanza yuko wapi. Jikoni, anaosha vyombo. Nikamwambia akae. Nikamwambia yote, hata lile la kuogeshwa, nikiwa nimefumba macho kama mtoto anayesubiri kiboko. Bomba lilikuwa bado linamwaga maji. Alilia, Mama Eda, alilia kwa sauti, nami nikamsikiliza bila kumwambia nyamaza. Kisha akapenga kamasi akasema, "Consolata ataendelea kukuogesha, Baba. Mimi nitapika. Thank you for telling me."

Atatoka kesho, jua likishayeyusha barafu. Nikajizuia, nikajizuia, nikashindwa. Nikasema, "Lakini hayo matairi, mwanangu..."

Akacheka huku analia. Amekwisha kuyafunga, ya baridi, yote manne, tangu baridi ilipoanza. Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ningekuambia umeshinda, Jumapili tungeongea nini?"

Mkono umechoka, mke wangu, na Consolata anagonga mlango. Nakuahidi nitamngoja Eda kadiri ya pumzi nitakayopewa, na akiuliza hali nitamjibu hali. Nikishindwa kumngoja, nimemwagiza Consolata asimfiche. Amwambie aegeshe gari kwanza, pembeni kabisa, azime injini. Kisha amwambie, na asikate simu mpaka mtoto amalize kulia.

Lala salama, Mama Eda. Sogea kidogo, uniachie nafasi.

Mumeo,
Baba Eda