Somo ya Kukaa Macho Yamefungwa

Alhamisi, 16 Julai 1964

Kitabu yenye niliagiza imefika! Miezi tatu kutoka Paris. Kurasa makumi tatu na mbili, na picha ya Muzungu amekunja miguu, amefunga macho, anacheka kidogo sawa mutu mwenye amekula samaki ya jirani. Méditation. Banasema inaponyesha «huzuni bila sababu». Bon. Huzuni yangu iko na sababu moja tu: sioni sababu. Ya kuamuka, ya kushona, ya kuoga. Miaka makumi mbili na moja niko hapa Kisangani sawa koti yenye imebaki kwa fundi, mwenyewe hakurudi kuichukua.

Mama anasema ni jini. Tonton Yakubu, mwenye atelier ya kushona, bosi yangu, anasema ni uvivu. Mi nasema ni existentiel. Neno hiyo niliikuta mu gazeti ya kufungia samaki. Nilifurahi siku mbili nzima — kuwa na ugonjwa yenye iko na jina ya Kifaransa!


Jumapili, 19 Julai

Nimekaa. Asubuhi, nyuma ya nyumba, juu ya gunia ya mupunga. Kitabu inasema: hesabu pumuzi mpaka kumi, rudilia. Mama akapita na ndoo. Feruzi, tumbo inakuuma? Hapana, mama. Basi unahesabu nini? Pumuzi. Akasimama, akaniangalia:

— Zimepunguka?


Ijumaa, 31 Julai

Siku kumi na tatu. Kitabu ilisema nitakuta mwangaza mu ndani. Nimekuta shimo. Safi, imefagiwa vizuri, hata kiti haiko. Zamani nilikuwa na huzuni. Sasa niko na huzuni na mugongo inauma. Maendeleo!

Lakini mbaya ni hii: zamani huzuni ilinifuata tu nyuma, sawa mbwa ya batu. Sasa kila asubuhi mi mwenyewe naiita, naikalisha mbele yangu, naangalia meno yake. Jana nililia juu ya suruali ya mteja. Nikasema ni jasho.

Tonton aliona. Akasimamisha mashini, jambo yenye hafanyaka hata kwa kula.

— Kijana, sisi tukifanya dhikiri tunakaaka bega kwa bega. Mutu akizidiwa, iko mwenye kumushika. Wewe unaingia mu ndani peke yako. Nani atakutosha inje?

— Kitabu haisemi vile, tonton.

— Kitabu iko na bega?

Fundi wa nguo anajua kusema! Akanialika kwa dhikiri. Sikuenda. Ju ya nini? Ju ya kiburi, donc. Mutu hatoshe franka kununua ugonjwa ya Paris, halafu anaenda kuponea kwa jirani.


Alhamisi, 6 Augusti

Jana Basimba, baasi benye kupigana na serikali, baliingia mu muji. Masasi, kisha mbio, kisha matawi ya ngazi, ile muti ya mafuta, kila fasi. Bale benye balikuwa na serikali asubuhi, mangaribi balikuwa na majani ku kichwa, banapiga kelele kuliko Basimba benyewe.

Mi nilikuwa chini ya kitanda. Ajabu: mutu mwenye hana sababu ya kuishi aliingia chini ya kitanda wa kwanza, mbele ya mama yake! Nikamusukuma na kiwiko. Nitauliza kitabu.


Jumatatu, 14 Septemba

Basimba balinikamata. Naandika mu magasin, duka ya Mugiriki moja mwenye alikimbia. Rafu mutupu, harufu ya sabuni.

Kosa yangu: kukaa. Mama Georgette, jirani yetu, aliwaelezea vile kila asubuhi nafunga macho, nataja namba kwa Kifaransa, kisha nanyamaza sawa mutu mwenye anangoja jibu. Basi imeeleweka: niko na phonie, redio ya kutuma habari mbali! Naongea na Baamerika, nawaonyesha fasi ya kutupa bombe. Bila mashini, bila waya, na gunia ya mupunga tu. Mi mwenyewe nikajisikia muerevu kidogo.

Lakini si ya kucheka. Kuko batu balishakufa ju ya redio ya kusikilizia muziki.

Balipekua nyumba. Antenne haiko. Sergent Pierre, moja wao, akaniangalia mu masikio, moja, kisha ingine.

— Ndugu, sema ukweli. Waya inapita wapi?

Nilitaka kucheka. Meno ikagongana tu. Mama alikuwa mu barabara anapiga magoti mbele yao, na kilemba yake ilianguka. Kilemba ile ndiyo siwezi kutosha mu kichwa.


Jumanne, 15 Septemba

Baliniingiza kwa Komanda Hilaire, mukubwa wao. Zamani mwalimu ku Bengamisa. Alikuwa na kitabu yangu mu mikono, anasoma na kidole chini ya kila neno. Alikaa mbali. Dawa yao ya kugeuza masasi kuwa maji haitaki kuguswa: mutu mwenye hakuchanjwa akigusa mupiganaji, masasi haigeuke maji tena. Hata kikombe, mutu anaiweka chini, anarudi nyuma, ndipo yeye anaitwaa.

Akafunga kitabu.

— Ukikaa vile, batu ba mu kichwa banatoka?

— Batu gani, Komanda?

— Mimi ndiye nauliza.

Nikaangalia macho yake. Nyekundu. Huyu hajalala tangu kazi fulani mu pori, na hatanieleza kazi gani.

Voilà! Nikisema inasaidia, niko munganga yake, asipopona, nimekwisha. Nikisema haisaidie, basi nilikuwa nafanya nini nyuma ya nyumba? Phonie. Nimekwisha pia. Kitabu ya kurasa makumi tatu na mbili, hata mustari moja ya hiyo haiko.

Ukweli ikanitoka peke yake, sawa kikohozi:

— Mimi iliniharibu, Komanda.

Sergent akashika bunduki yake vizuri. Komanda akaweka kitabu juu ya goti.

— Labda wewe ulikuwa mutupu, akasema. Mimi nimejaa.

Kesho asubuhi tutakaa pamoja. Kama ni phonie, atasikia.


Jumatano, 16 Septemba

Tumekaa chini, uso kwa uso. Mulango imefungwa, Sergent Pierre na wenzake bako nje. Komanda aliniambia niandike kila kitu — anazani dawa yote inaandikwaka. Basi naandika, daftari juu ya goti. Bunduki iko juu ya goti yake.

Mugongo yake imepinda. Siwezi kuinyoosha na mukono, nimemuonyesha na yangu. Macho ya fundi haifunge: bega ya kuume imeshuka vidole viwili. Koti haiwezi kumukaa.

Amefunga macho. Moja. Mbili. Tatu. Ku ine hesabu imesimama. Jasho.

— Banakuja.

— Nani, Komanda?

— Bote ba mu pori. Mama moja iko na sufuria yake.

Nimemuambia fungua macho. Hafungue. Kitabu inasema: acha mawazo ipite sawa mawingu. Mwenye kuandika hakuona mawingu yenye kubeba sufuria.

Amenyoosha mukono. Bila kuona, sawa mutu mu nyumba bila taa. Nimerudi nyuma mpaka ku rafu. Amenipata. Amenishika mukono ya kushoto, nguvu yote.

Dawa imekufa. Anajua. Mi najua. Saa sita banapanda camion ya kwenda vita, njia ya Bafwasende, na kule nje bote banazani masasi itakuwa maji. Mutu moja tu anaweza kuwaambia, na ni mimi.

Mukono yake iko baridi. Sasa hivi imelegea kidogo, na nimegundua ni mimi ndiye naminya. Mimi! Sitaki kufa, sitaki na huyu afe, hata sufuria ile nataka kujua ilikuwa ya nani. Wakati mubaya gani wa kuanza kutaka vitu!

— Hesabu wewe, anasema chini-chini. Mimi nimepotea.

Nimehesabu. Kwa sauti. Kwa Kifaransa — imbécile!

Nje banasikia namba ya phonie, banasogea ku mulango. Sergent Pierre anagonga.

— Komanda? Tuingie?

 Machozi ya Komanda inashuka mpaka mu ndevu, na hanifungulie mukono; bakiingia, bataona dawa imekufa. Sergent anagonga tena. Nimefika sita, na siwezi kusimama hapa katikati, ju ananifuata, kweli ananifuata, pumuzi kwa pumuzi. Saba