Pole Niliyoisahau Ng'ambo

Mpendwa Shangazi, nisaidie kabla sijawa mgeni kwa watu wangu mwenyewe.

Mimi ni mchungaji wa kikosi cha zimamoto, kazi yangu ni kukaa na askari wakirudi kutoka kwenye moto na ajali, na kwa miaka tisa wameniita Mama Pole kwa sababu neno hilo halikauki mdomoni mwangu, basi mwaka huu nikapelekwa ng'ambo miezi miwili nikaone wenzetu wanavyoifanya kazi hii, na Shangazi, kule nilikuwa kama naota, asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya kituo, magari mekundu yanaonekana nusu, mipira ya maji imening'inizwa ikauke inadondosha tone moja moja, na mwalimu wangu, kasisi mzee, anaketi na askari aliyetoka kwenye ajali, anamwekea kikombe cha chai, hasemi kitu, saa nzima, mpaka yule askari mwenyewe anaanza kulia, na mimi nautazama mvuke wa chai nikijiona nimepoteza miaka tisa kwa kupayuka.

Nikarudi na ukimya wangu, nimeubeba kama maji kiganjani. Wiki ya pili dereva wetu akakwama njiani na gari, wakafika nyumba imeshateketea na mzee wa watu yumo ndani. Nikaketi na dereva kwenye benchi la gereji, nikamwekea chai, nikanyamaza, nikawa nayasikia yale matone ya kule, nikajisemea naam, ndiyo hii. Chai ikapoa. Akasimama, akaniangalia.

"Hata wewe, Mama Pole? Hata pole huna?"

Akaiacha kofia yake ya kazi kwenye benchi, akaondoka. Leo ni siku ya nne hajaonekana kazini, mkewe anasema mumewe hali, na neno lake ni moja tu, kwamba hata mchungaji amemtia hatiani. Natamani kwenda kwake, lakini mwalimu alinifundisha mtu hafuatwi, husubiriwa. Kofia ninayo, na kila nikisinzia naiona inaelea kwenye ule ukungu. Nimsubiri au nimfuate?

Mama Pole

JIBU LA SHANGAZI

Pole, mwanangu. Umeona? Neno moja tu, na pumzi imeshuka.

Nakuonea huruma, na papo hapo natamani kukufinya sikio. Ulitumwa kuongeza, wewe ukabadilisha! Mwalimu wako hakukosea, alikuwa na watu wake. Kwetu aliyepatwa na jambo ukimkalia kimya bila pole, umemwambia unajua alichofanya. Hata jirani mliyenuniana naye akipata msiba mnampa pole kwanza, mnarudi kununa baadaye. Wewe umemnyima dereva kitu anachopewa bure na muuza vocha.

Halafu unaniuliza umsubiri. Aje kwa nani? Alikuja kwako siku ile akakukuta hupo.

Nenda leo. Habari za ng'ambo ziache nyumbani, hana haja nazo. Kofia nayo iache, ukimpa mlangoni atadhani umekuja kumrudisha kazini. Piga hodi, na akifungua mwambie, "Pole, baba. Nilichelewa." Usiongeze kitu. Yeye anajua kuchelewa kunavyouma, atakuelewa kuliko mtu yeyote.

Kisha keti naye, unyamaze kama ulivyofundishwa, hata chai ipoe.